Balozi aliyetupaka rangi nyekundu

Balozi ni mgeni wa namna ya pekee. Mgeni wa kawaida huja kwa mwenyeji, akala, akalala, kisha akaaga na kwenda zake. Balozi naye huja, akala na kulala, lakini usiku huketi mezani akawaandikia wakubwa wake habari za mwenyeji aliyemkirimu. Mwenyeji haoni yaliyoandikwa. Huenda akaja kuyaona baada ya miaka thelathini, makabati ya serikali ya huko yakifunguliwa, na wakati huo yaliyokusudiwa kutendeka yalikwisha kutendeka zamani.

Leo nataka nimzungumzie msomaji juu ya mgeni mmoja wa aina hiyo, Bwana William Attwood, balozi wa kwanza wa Marekani katika Kenya huru, aliyefanya kazi Nairobi kati ya mwaka 1964 na 1966. Naandika nikiwa Asembo Bay, hapa kando ya Ziwa Viktoria, kwenye gati la zamani ambapo meli za reli zilikuwa zikitia nanga kupakia mazao na abiria. Hakuna mtaa hapa wenye jina la Attwood. Wavuvi wanaoanika omena ufuoni hawajapata kulisikia. Hata hivyo, naamini kwamba wachache miongoni mwa wageni waliopata kuja nchini walichangia kama yeye jinsi watu wa ukanda huu wa ziwa walivyotazamwa kwa miaka mingi baadaye. Ndiyo maana maisha yake yanastahili kusimuliwa huku kwetu, tena bila chuki.

William Attwood alizaliwa jijini Paris mwaka 1919, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Princeton, akahitimu mwaka 1941, akaingia jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha akashika kalamu. Aliandikia gazeti la New York Herald Tribune kutoka Ulaya, kisha akawa mhariri wa habari za nchi za nje katika jarida la Look. Alikuwa mwandishi mwenye miguu myepesi, hodari wa kuzungumza na wakubwa wa dunia. Mwaka 1959 alikwenda Cuba akazungumza na Fidel Castro alipokuwa ndiyo kwanza ameshika hatamu. Aidha, alipata kumtungia hotuba Adlai Stevenson, na baadaye akamsaidia John F. Kennedy katika kampeni ya mwaka 1960. Kennedy aliposhinda, alimtunuku ubalozi wa Guinea.

Ili kumwelewa Attwood wa Kenya, ni sharti kwanza tumwelewe Attwood wa Guinea. Nchi hiyo ilikuwa imekataa mpango wa Jenerali de Gaulle mwaka 1958, na Wafaransa wakaondoka kwa hasira, wakabeba walichoweza kubeba. Sékou Touré akageukia Mashariki ili apate msaada. Attwood alipofika Conakry mwaka 1961, wengi huko Washington walikuwa wamekwisha kuitoa Guinea katika hesabu zao, wakiamini kwamba imo mfukoni mwa Urusi. Yeye hakukubali. Mwaka huo huo alishikwa na polio, akarudishwa kwao kutibiwa, naye alipopata nafuu akarejea kazini. Mtu angeweza kuomba apumzishwe; yeye hakuomba. Alijenga urafiki na Touré kwa subira, na mwisho wa mwaka 1961 Touré akamfukuza balozi wa Urusi, Daniel Solod, akimtuhumu kuingilia mambo ya ndani. Oktoba 1962, dunia iliposimama ukingoni mwa vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Cuba, Guinea ilizikatalia ndege za Urusi kutua Conakry kujaza mafuta, ijapokuwa Warusi wenyewe ndio waliosaidia kuurefusha uwanja ule. Kwa Attwood, huo ulikuwa ushindi mkubwa.

Baadaye alipelekwa kwenye ujumbe wa nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Huko, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1963, alifanya mazungumzo ya siri na balozi wa Cuba, Carlos Lechuga, kutafuta iwapo Washington na Havana zingeweza kupatana. Risasi za Dallas za tarehe 22 Novemba zilimwua Kennedy, na juhudi zile zikafifia. Rais mpya, Lyndon Johnson, akamtuma Attwood Nairobi.

Msomaji atafakari ni mtu gani aliyetufikia. Si mtu mjinga, wala si mbaguzi. Alikuwa mtu mwerevu, jasiri, aliyewahi kuvuna ushindi katika nchi moja ya Kiafrika na ambaye sasa alikuja katika nchi nyingine akiwa na kipimo kile kile mkononi. Kipimo chenyewe kilikuwa na alama mbili tu: nani yuko nasi, na nani yuko na Moscow au Peking.

Hali aliyoikuta ilimzidishia imani katika kipimo hicho. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye mapinduzi yalitokea Zanzibar, na kabla Januari haijakwisha wanajeshi walikuwa wameasi Tanganyika, Uganda na hata kwetu Lanet. Nchi za Magharibi zilianza kuona mkono wa Ukomunisti kila mahali. Na katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta walikuwamo wana wawili wa ziwa moja, ambao kila mmoja alielekea upepo wake. Tom Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa rafiki wa Wamarekani tangu enzi ya vyama vya wafanyakazi. Ni yeye aliyesimamia safari za ndege zilizowapeleka vijana wetu vyuoni Marekani kuanzia mwaka 1959, ndege ya kwanza ikiwa na wanafunzi 81. Mzee Jaramogi Oginga Odinga wa Sakwa, Bondo, alifungua mlango wa pili. Aliwapeleka vijana kusoma Urusi, Uchina na Ujerumani Mashariki, akaomba misaada huko, na hakuona haya kusema hivyo hadharani.

Kwa Attwood, Mboya alikuwa matumaini na Odinga alikuwa hatari. Hukumu hiyo haikubadilika muda wote alipokaa Nairobi.

Jaribio kubwa la kwanza lilitoka Kongo. Mwaka 1964 waasi waliokuwa wameuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, waliwashika mateka mamia ya wageni, Wamarekani wakiwamo. Mzee Kenyatta alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyoundwa kutafuta suluhu. Tarehe 23 Novemba Attwood alikutana na mjumbe wa waasi, Thomas Kanza, mbele ya Kenyatta mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, ndege za Marekani ziliwadondosha askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville. Mateka wengi waliokolewa, lakini makumi waliuawa, na wananchi wa Kongo waliokufa hawakuhesabiwa na yeyote. Mzee alijiona amekalishwa kwenye kiti cha upatanishi huku uamuzi umekwisha kupitishwa kwingine. Nairobi iliwaka hasira, waandamanaji wakauendea ubalozi wa Marekani. Attwood alikuwa amehangaika kwa dhati kuokoa roho za watu. Lakini balozi hana serikali yake mwenyewe. Atakuwa mkweli hadi pale wakubwa wake watakapoamua vingine.

Ukaja mwaka 1965, mwaka mzito katika historia yetu. Februari 24 Pio Gama Pinto, mshauri na rafiki wa Odinga, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Aprili meli ya Urusi ilileta silaha Mombasa, na Kenyatta akazikataa kwa hoja kwamba ni kuukuu. Mwezi Mei malori yaliyobeba silaha za Kichina yakitoka Tanzania kwenda Uganda yalikamatwa yakikatiza Nyanza Kusini bila idhini ya Kenya. Milton Obote alikuja mwenyewe kwa Kenyatta kuomba radhi, akakabidhiwa mzigo wake. Silaha zilikuwa za Uganda. Lakini kwa kuwa zilipita katika barabara za upande huu wa ziwa, uvumi haukungoja maelezo ya Obote. Ukasema ni za Odinga. Mwaka huo huo Taasisi ya Lumumba, iliyokuwa ikiwafunza makada wa KANU chini ya ulezi wa Odinga, ilitwaliwa na serikali. Kila tukio lilisomwa kwa kipimo kile kile, na kila tukio lilionekana kulithibitisha lililotangulia.

Hapa ndipo napenda nimsimamishe balozi huyu kidogo, nimwulize kile ambacho pengine hakuna mtu wa Asembo aliyepata kumwuliza. Odinga huyu aliyeitwa mwekundu alikuwa nani kabla balozi hajaja? Alikuwa mwalimu wa Maseno aliyeacha chaki akaingia biashara. Mwaka 1947 alianzisha shirika la LUTATCO, akazunguka Afrika Mashariki yote akiwauzia Wajaluo hisa, akiwahimiza waweke akiba, wafungue maduka na kujenga majumba. Ramogi House ya Kisumu ni tunda la jasho hilo. Mkomunisti gani huuza hisa? Odinga alitaka Mwafrika awe na mtaji, awe na ardhi, na asipigiwe simu kutoka London wala Washington. Alikwenda Mashariki kwa sababu mlango wa Magharibi ulikuwa umeshikwa na wale wale waliokuwa wakitutawala jana. Hiyo ni hesabu ya mfanyabiashara anayetafuta duka la pili ili la kwanza lisimpandishie bei.

Ipo pia habari ya mtu mwingine wa Siaya. Barack Obama, mchumi aliyesoma Hawaii na Harvard, Julai 1965 alichapisha katika jarida la East Africa Journal uhakiki mkali wa Waraka Nambari 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, waraka ambao Mboya ndiye aliyekuwa kinara wake. Aliuliza uchumi umo mikononi mwa nani, na ardhi itagawanywa vipi. Elimu yake ilikuwa ya Kimarekani tupu, lakini maswali yake yalikaribiana na ya Odinga. Mtu mwenye kipimo cha alama mbili angemweka wapi huyu? Maswali yale yalitoka mashambani na ufuoni kwetu, ambako watu waliona uhuru umefika na ahadi zimechelewa. Hayakutoka Moscow.

Sitaki nimnyime Attwood haki yake. Wakati wake ndipo vijana wa kujitolea wa Peace Corps walipoanza kufika Kenya, wakafundisha shuleni na kusaidia katika miradi ya makazi. Ukame wa mwaka 1965 ulipoleta njaa, mahindi ya manjano ya Marekani yaliingia nchini, na wazee wangali wakikumbuka rangi yake na jinsi watu walivyolalamikia ladha yake huku wakiyala. Aliamini kwa moyo kwamba Afrika ina haki ya kutendewa kwa heshima, na aliwabishia wenzake waliotaka kuiacha ijifie. Kosa lake halikuwa ukosefu wa nia njema. Aliitazama nchi kupitia tundu la ufunguo, akaona sehemu ya chumba, akaieleza sehemu hiyo kwa ufasaha mkubwa.

Machi 1966 mkutano wa KANU wa Limuru ulikifuta cheo cha makamu wa rais wa chama, ukaweka makamu wanane. Odinga akajiuzulu mwezi uliofuata, akaanzisha KPU. Attwood alifunga virago mwaka huo huo, kazi aliyoiona kuwa kubwa ikiwa imekwisha. Nataka nieleweke vizuri: Limuru ilikuwa kazi ya Wakenya. Mboya ndiye aliyeisuka, Kenyatta akaibariki, na waliopiga kura walikuwa wana wa nchi hii. Kumtwika mgeni mzigo wote huo ni kujisamehe mapema mno. Lakini wenye kumwinda Odinga walipata kwa mgeni jambo walilolihitaji, nalo ni jina la kumpa. Mtu akiitwa mpinzani hujibiwa kwa hoja. Akiitwa wakala wa nchi ya kigeni hujibiwa kwa polisi.

Mwaka 1967 vilitoka vitabu viwili juu ya mambo hayo hayo. Odinga alitoa Not Yet Uhuru, chenye dibaji ya Kwame Nkrumah. Attwood alitoa The Reds and the Blacks, yaani Wekundu na Weusi, akisimulia Guinea na Kenya kama medani mbili za vita vya baridi. Ajabu ni kwamba kitabu cha rafiki ndicho kilichoiudhi serikali ya Kenya. Kilipigwa marufuku nchini. Alikuwa ameanika mazungumzo ya faragha na viongozi aliowaita rafiki zake, na kuonyesha jinsi walivyokuwa karibu naye mno. Mwaka mmoja tu baada ya kuaga, mgeni alikuwa amesimulia sokoni yaliyosemwa sebuleni.

Sisi wa ziwa tulibaki na jina. Attwood alimlenga mtu mmoja na wafuasi wake. Siasa zetu zikalipanua jina hilo likafunika jamii nzima. Julai 5, 1969, Mboya aliuawa Nairobi, naye huyo alikuwa kipenzi cha Wamarekani. Kuwa upande unaopendwa hakukumwokoa. Oktoba 25 mwaka huo Mzee Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ambao Odinga ndiye aliyeutafuta. Kukawa na maneno makali jukwaani kati yake na Odinga, ghasia zikazuka, na askari wakaufyatulia umati risasi. Watu wengi walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Hospitali ile leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini mama anayempeleka mtoto huko bado husema anakwenda Russia. Hafanyi siasa, anataja tu mahali penye daktari.

Huko kwao, Attwood alirudi kwenye uhariri, akauongoza uchapishaji wa Look, na kuanzia 1970 hadi 1978 akawa mchapishaji wa gazeti la Newsday. Mwaka 1987 alitoa kitabu kingine cha kumbukumbu za vita vya baridi, akitazama enzi ile kwa macho ya mtu aliyezeeka nayo. Alifariki dunia Aprili 15, 1989, akiwa na umri wa miaka 69. Miezi saba baadaye ukuta wa Berlin ulianguka, na kipimo chenye alama mbili kikakosa kazi. Jaramogi aliishi hadi Januari 1994, akauona mfumo wa vyama vingi ukirudi, akafa akiwa kiongozi rasmi wa upinzani Bungeni.

Huenda msomaji akauliza, ya nini kufukua makaburi? Nitamjibu kwa mfano wa hapa hapa Asembo. Katika miaka ya mwisho ya tisini, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, ikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, iligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Asembo na Gem, ikahesabu kwa makini nani aliugua, nani alikufa na nani alipona. Vifo vya watoto wenye umri kati ya mwezi mmoja na miezi 11 vilipungua kwa karibu robo. Matokeo hayo yaliisaidia Afrika nzima kuamua juu ya vyandarua. Wamarekani hao walikuja na swali, wakaingia nyumba hata nyumba, wakasikiliza jibu. Hawakuuliza mwenye nyumba ni wa rangi gani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapo mwenyeji alipona kwelikweli.

Lakini hata neema ya namna hiyo huning'inia kwenye uzi ulioshikwa kwingine. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake na kulivunja shirika la USAID, lililokuwa limeundwa mwaka ule ule Attwood alipokwenda Guinea. Zahanati nyingi za ukanda huu ziliingiwa na hofu ya dawa. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Kenya ilikuwa imetangazwa mshirika mkubwa wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, huku reli na barabara zetu kuu zikiwa zimejengwa kwa mikopo ya Uchina. Wakubwa wanatupimana tena, na barua zinaandikwa tena usiku.

Sidai tuwafungie mabalozi mlango. Mgeni ni kuku mweupe, hafichiki, na nchi isiyopokea wageni hudumaa. Ninalodai ni kwamba sisi wenyewe tuache kuazima majina ya wageni ili tuwachape nayo ndugu zetu. Attwood alikaa nasi miaka miwili, akaondoka. Jina aliloliacha tulilitumia sisi kwa miongo mingi, tukanyimana kwalo barabara, viwanda na kazi. Mtu wa ziwa anayeuliza ardhi ni ya nani, na samaki anauzwa kwa faida ya nani, ajibiwe swali lake. Asiulizwe ametumwa na nani.